Cheruto na Msemaji wa Kiarie

Siku ya kwanza Kiarie kumwona Cheruto, alimkuta amekalia kreti ya soda, viatu amevivua, kikombe cha chai kiko sakafuni karibu na kisigino chake. Kiarie akaamua papo hapo kwamba huyo si mwenye ofisi. Akamsalimia kama mtu anavyomsalimia mwenzake wa kungoja zamu, kisha akabaki mlangoni na kofia mkononi, macho yakimtafuta daktari mwenyewe.

"Karibuni," yule mama akasema. "Mimi ndiye Cheruto. Mama Wangechi amechungulia dirishani, akawaona mkishuka pikipiki wawili, na mimi nina viti vitatu tu. Kwa hivyo nimeazima hiki hapo chini dukani kwa Kamande. Ketini, ketini."

Mwaliko ulikuwa wa watu wawili: Kiarie na mkewe Wachuka, huyo Mama Wangechi, ambaye tayari alikuwa ameketi kando ya dirisha, mkoba magotini, uso ukielekea barabarani. Wa tatu hakualikwa na mtu. Huyo alikuwa Peterson.

Mambo yalikuwa hivi. Wachuka alilazwa hospitalini akatolewa mfuko wa uzazi, na aliporuhusiwa kutoka hakurudi kwake Dundori. Alikwenda kupona kwa dada yake Bahati. Akapona vizuri, akaanza hata kumpalilia dada yake kunde, lakini kurudi hakurudi. Kiarie alipompigia simu kumwuliza atakuja lini, alijibiwa hivi: "Kuna mama hapo mjini anasaidia watu wa ndoa, nesi ndiye aliniambia. Njoo Jumanne tuongee mbele yake. Usipokuja, usiniulize tena nitarudi lini."

Kuja hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuongea. Kiarie alikuwa mtu ambaye hata mnunuzi wa viazi akimwuliza shamba lako limetoa vipi mwaka huu, yeye humwonyesha tu magunia. Na kwao jambo zito haliendewi na mwenyewe. Mtu akienda kuposa huketi kimya, macho chini, na msemaji wake ndiye anayesema. Peterson alikuwa msemaji wa posa nyingi kule Dundori, na ndiye aliyemsemea Kiarie siku ya kwenda kumwomba Wachuka kwa baba yake. Sasa ikiwa mke alipatikana kwa mdomo wa Peterson, Kiarie aliwaza, atarudishwa kwa mdomo wa nani mwingine?

Basi Peterson akavaa koti lake la posa, akapanda ngazi mbele ya mwenye shida, akaketi kabla hajaonyeshwa kiti, akakohoa.

"Madam," akaanza, "sisi tumetoka mbali, tumetoka kwenye ukungu. Tulikuwa na kondoo wetu mmoja mzuri, akaruka ua. Tumefuata nyayo, tumefuata nyayo, nyayo zimetufikisha hapa. Hatukuja kwa ugomvi. Tunauliza tu kwa adabu, mmetuonea kondoo?"

"Peterson," Wachuka akasema bila kugeuka, "mimi si kondoo."

"Ni mfano, mama."

"Ulitumia mfano huohuo kwa baba yangu. Hata kondoo amezeeka sasa. Tafuta mwingine."

Cheruto akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha kuita mtu ng'ambo ya bonde, na Kiarie akashtuka kidogo kwenye kiti. Alitarajia Peterson afukuzwe, au yeye mwenyewe akemewe kwa kumleta. Badala yake Cheruto akasogeza kreti karibu na Peterson, akamwuliza alichotumwa na Kiarie aseme. Peterson akasema kwa muda mrefu. Alisema tumesikitika, tumekosa usingizi, boma limepoa, ng'ombe wenyewe wameanza kuuliza. Cheruto alimsikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza redio yenye habari za kwao.

"Mzee Peterson, umesema vizuri sana," akasema. Kisha akamgeukia Kiarie, akainama kidogo ili amwone chini ya nyusi. "Na wewe?"

"Ni hivyo tu alivyosema," akajibu Kiarie.

"Amesema tumesikitika. Wewe huko kusikitika unakusikia wapi? Hapa mwilini, ni wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Kiarie swali la namna hiyo. Alitazama viatu vyake. Alitazama miguu mitupu ya Cheruto. Chumba kikanyamaza, na Cheruto akakiacha kinyamaze. Peterson akafungua mdomo, Cheruto akamwinulia kidole kimoja, taratibu, na Peterson akaufunga. Huenda ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Kwa magoti," Kiarie akasema mwishowe.

"Magoti yanafanya nini?"

"Yanachoka."

"Hayo ni ya kuvuna waru, viazi vyake vile," Wachuka akasema kutoka dirishani. Akasimama, akavaa mkoba begani. "Madam, asante. Umeona mwenyewe. Mimi sirudi Dundori kukaa na mtu wa kutuma watu."

Lakini kabla ya kutoka alikubali siku ya kurudi, na hilo Kiarie alilibeba mpaka nyumbani.

Chumba cha Cheruto kilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo. Kiarie alikuwa amenunua dawa ya ukungu wa viazi katika duka hilo miaka yote, na hakuwahi kujua kwamba juu ya kichwa chake kulikuwa na watu wanaolia kwa mpangilio. Mwenye duka, Kamande, ndiye aliyempa habari za mpangaji wake, kwa kuwa naye alikulia Rongai na alimjua tangu utotoni.

Baba yake Cheruto, mzee Kibii, alikuwa mnunuzi wa mahindi, na alikuwa mtu wa maneno machache kuliko hata Kiarie. Cheruto alikuwa mtoto wa kukaa naye juu ya magunia, na alijifunza kumsoma mzee kwa namna anavyoshika kofia. Kofia nyuma, siku imeenda vizuri. Kofia mbele, usimwombe kitu. Alipokua akawa mwalimu wa darasa la tatu. Siku moja walimu walikutana kugawana kazi za ziada, yeye alikuwa mgonjwa hakuja, basi wakampa ile ambayo hakuna aliyeitaka, yaani ya kushauri wanafunzi wenye matatizo.

Yaliyofuata Cheruto alimsimulia Kiarie mwenyewe, baadaye. Alishauri kweli. Alikuwa na ushauri kama duka la Kamande lilivyo na dawa, kila ugonjwa una chupa yake. Soma kwa bidii. Mheshimu mama. Omba. Kisha akaja msichana mmoja, mamake amehama nyumbani, akashauriwa mpaka kengele ikalia. Msichana akasimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hayo yote nayajua. Nilitaka tu na wewe ujue."

Cheruto alikwenda nyumbani siku hiyo akashindwa kula. Akaanza kwenda masomoni siku za Jumamosi, akisomea kazi hii ya kutibu watu kwa maongezi, na huko alikutana na wenzake wawili, Sumeya wa Bondeni na Nanyama. Watatu hao walivutiwa na njia moja: usimpe mtu maneno ya kwenda nayo nyumbani, kaa naye pale anapoumia mpaka aone kwamba hayuko peke yake. Walijizoeza wao kwa wao, mmoja akiwa mgonjwa, mmoja akiwa daktari, mmoja akitazama. Kamande alikuwa akiwaona wakishuka kununua soda macho mekundu na wanacheka. Mwanzoni aliwapa pole. Alidhani wamefiwa.

"Na viatu?" Kiarie alimwuliza Kamande. "Mbona huvua viatu?"

"Nilimwuliza. Aliniambia akivivaa husikiliza kama mwalimu."

Mara ya pili Kiarie alikwenda na Peterson tena, lakini Peterson alizuiwa ngazini. "Mzee wangu," Cheruto alimwambia, "wewe leo ulinde mlango wa chini." Peterson akakubali, kwa sababu kulinda ni cheo. Akabaki dukani kwa Kamande, na muda si muda sauti yake ikasikika ikimweleza mteja asiyemjua namna ya kumnywesha ndama dawa ya minyoo.

Siku hiyo Cheruto alikosea. Mambo yalikuwa yanaenda pole pole. Wachuka alikuwa amegeuza kiti kutoka dirishani, Kiarie alikuwa ameshasema sentensi mbili nzima, na pengine Cheruto aliona mlango uko wazi. Akauliza, "Baba Wangechi, mkeo alipokuwa hospitalini, wewe ulikuwa wapi?"

Kiarie alisimama. Hakukasirika. Aliweka kofia kichwani, akashuka ngazi, akampita Peterson na ndama wake, na hakusimama mpaka alipofika kwa pikipiki za Dundori. Nyuma yake Wachuka alisema jambo ambalo Peterson alilisikia na kulifikisha kama lilivyo: "Umeona, madam? Hata kuulizwa tu ameshindwa. Mimi mnipatie siku moja ya mwisho. Nikitoka hapo bila jibu, namwita kaka yangu aje tuchukue vitu vyangu."

Jioni hiyo Kiarie alikamua ng'ombe kwa mikono mizito. Alijaribu kumwambia ng'ombe yale aliyoshindwa kusema mjini. Alianza vizuri, lakini ng'ombe akamgeuzia macho makubwa ya kungoja aendelee, na akaona haya hata mbele yake. Hapo simu ikalia.

"Baba Wangechi, ni Cheruto. Sikupigii kukuita. Nimekupigia kusema nilikosea."

Kiarie aliacha kukamua. Watu waliosoma walikuwa wamemwambia mengi maishani, lakini hilo halikuwamo.

"Nilikuuliza kama mtu anayefungua mlango kwa teke," Cheruto akaendelea. "Ulikuwa unakuja mwenyewe na mimi nikakuharakisha. Pole. Sihitaji useme kitu. Uko?"

"Niko."

"Basi ni hilo tu. Kwaheri."

"Madam."

"Ehe?"

"Halikuwa teke kubwa sana."

Cheruto alicheka mpaka Kiarie akasogeza simu mbali na sikio, na ng'ombe akainua kichwa. Kicheko kilipoisha akawa bado yuko kwenye simu, hana haraka, na hapo ndipo alipomsimulia kuhusu yule msichana wa shule. Alimalizia kwa kusema kwamba kwa maoni yake mtu huumizwa na watu, na dawa yake pia iko kwa watu. Kiarie aliona ni maneno ya kawaida mno kwa mtu aliyesoma Jumamosi zote hizo. Lakini alipolala yalikuwa bado yamo kichwani, na magoti yalikuwa yameacha kuuma kidogo.

Siku ya mwisho mvua ilinyesha kuanzia Dundori mpaka mjini. Peterson alikuja hadi dukani, akasema yeye hapandi, amekuja kumsindikiza tu, ila ikihitajika sentensi moja hivi ya kufungulia kikao, apigiwe mluzi.

"Nenda ukanunue dawa ya kuku," Kiarie akamwambia.

"Boss, leo una mdomo!" Peterson akasema, akafurahi kabisa.

Juu, Wachuka alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. Kiarie alizitambua na moyo ukamshuka, maana Wachuka alikuwa mtu wa kuvaa vizuri siku ya kuaga. Cheruto alikuwa kwenye kreti yake, ingawa siku hiyo kiti cha tatu kilikuwa tupu. Alisema ameizoea kreti.

Hakuuliza kitu. Walikaa. Mvua ikapiga mabati, na kwa vile ilikuwa na kelele, Kiarie akaona kwamba mtu anaweza kuanza kusema bila kusikika sana.

"Nilikuwa kwa geti," akamwambia Cheruto.

Cheruto akamsogelea, kreti ikikwaruza sakafu. "Kwa geti."

"La hospitali. Kila mara ndugu yangu akileta maziwa, tulikuwa tunakuja wawili. Yeye anaingia, mimi nabaki pale kwa mama wa ndizi. Nilikuwa nafika, naona lile jengo, na magoti yanakataa."

"Magoti yalikuwa yanaogopa nini?"

"Ningelia." Kiarie alikunja kofia. "Wodi ni ya wanawake watupu. Ningeingia nikamwona amelala na zile paipu, ningelia kama mtoto mbele yao wote. Wangemwambia Wachuka, wewe umeolewa na mtu gani? Mgonjwa ni yeye, halafu tena awe na kazi ya kunyamazisha mume." Akapangusa pua kwa kofia. "Basi, madam, ni hivyo. Wewe mwambie sasa. Wewe unajua kupanga maneno."

"Mimi?"

"Ehe. Mwambie tu kama nilivyosema."

"Baba Wangechi, una msemaji mmoja hapo chini anauza dawa za minyoo ambazo si zake. Sasa unaniandika kazi niwe wa pili?" Cheruto alisema akitabasamu, lakini macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyaficha. Akasimama, akashika kiti cha Kiarie kwa mikono miwili, pamoja na Kiarie ndani yake, akakizungusha mpaka magoti ya mume yakagusana na mkoba wa mke. "Mimi sikuwa kwenye wodi. Aliyekuwa kwenye wodi ni huyu. Mwambie yeye."

Sasa hapakuwa na mahali pa kutazama isipokuwa usoni mwa Wachuka. Kiarie alifungua mdomo na yale yote aliyoyasema vizuri yakawa yamekwenda. Yalibaki maneno machache.

"Mama Wangechi, niliogopa utakufa."

Wachuka aliweka mkoba sakafuni. Kisha akasema kwa sauti ambayo Kiarie hakuwa ameisikia tangu alazwe, "Nilikuona."

"Wapi?"

"Kwa geti. Kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha. Hiyo kabuti yako ya kijani mimi siwezi kuikosa. Nilikuona umesimama, halafu nikakuona unageuka. Kila mara unageuka. Nikasema, basi. Wamenitoa kizazi, na mtu wangu akifika mpaka getini anakumbuka mimi si mwanamke tena, anarudi."

"Kurudi kwa hilo?" Kiarie alishangaa kweli, hata akasahau haya. "Wachuka, kwa hilo? Nani alikuambia?"

"Nani angeniambia, na wewe hukusema kitu? Ulinitumia maziwa. Halafu ukanitumia Peterson."

Hapo Kiarie akalia, kama alivyoogopa siku zote atalia, kwa sauti na bila mpango. Wachuka alimtazama kidogo kana kwamba anamtathmini, kisha akamshika mkono pamoja na kofia yake iliyolowa, akalia naye. Cheruto alirudi kwenye kreti yake akakaa. Hakuwashauri kitu. Alikaa tu, karibu, kama mtu anayeota moto na wenzake.

Mvua ikapungua. Na kwa kuwa ilipungua, sauti ya Peterson ikapanda kutoka chini, ikimwambia mtu, "Hapana mathe, kuku akikohoa hivyo hiyo si homa, hiyo ni huzuni. Mimi hapa nina rafiki..."

Wachuka akaanza kucheka katikati ya machozi. "Baba Wangechi, twende nyumbani kabla hajamwoza huyo kuku. Lakini pikipiki yetu iwe ya watu wawili. Yeye apande yake."

Kiarie aliahidi kurudi siku nyingine kumshukuru Cheruto kwa mikono isiyo mitupu. Viazi vilipokomaa alichagua vya aina ya shangi vilivyo vikubwa zaidi, akajaza gunia, yeye na Wachuka wakateremka nalo mjini. Walimkuta Sumeya amekalia kile kiti cha kawaida. Cheruto, aliwaambia, amehamia Kitale kumtunza dada yake mgonjwa, na huko nako ameshapata chumba na wateja. Kreti ilikuwa bado ipo pembeni, Kamande hajaidai. Walimwachia Sumeya gunia.

Kwa hivyo maneno ya mwisho ambayo Kiarie alisikia kutoka kinywani mwa Cheruto ni ya siku ile ya mvua. Wachuka alikuwa ametangulia kushuka kumwokoa yule mama wa kuku. Kiarie alifika katikati ya ngazi akahisi kuna jambo zito limebaki, jambo la shukrani, na shukrani kubwa ina desturi zake. Akageuka. Cheruto alikuwa amesimama juu kwenye kizingiti, miguu mitupu, kikombe cha chai kilichopoa mkononi.

"Asante, madam," Kiarie akasema. Akaona ni fupi mno. "Nitamtuma Peterson aje akushukuru vizuri."

Kile kicheko kikavuka bonde. Watu dukani wakainua vichwa.

"Hiyo yako fupi nimeisikia yote, Baba Wangechi. Mwache Peterson apumzike."